Nimekuta jina la mwanangu kwenye orodha ya walioacha chuo

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 42, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na tano naishi California. Kwa miezi saba sasa nafanya kazi katika chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili ambako watoto wengi wa watu wa kipato cha chini huanzia masomo ya juu huku. Kazi yangu ni simu. Tangu korona wanafunzi Weusi wamepungua sana chuoni kwetu, na uongozi ukaamua kuajiri watu wa kuwatafuta mmoja mmoja. Kila Jumatatu napewa orodha: jina, namba ya simu, yuniti alizomaliza mtu (vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi kutimiza shahada), deni analodaiwa. Nawapigia, nawaambia tunawakumbuka, nawauliza kama wangependa kurudi.

Kazi hii niliipenda. Siku ya kwanza nilipita kwenye korido nikakuta bango limeandikwa UMOJA kwa herufi kubwa. Ni jina la programu ya wanafunzi Weusi, ipo katika vyuo vingi vya jamii vya jimbo hili. Nilisimama nikalisoma mara tatu, kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya basi katika mji wa ugenini.

Wiki tatu zilizopita, jina la kumi na moja kwenye orodha lilikuwa la mtoto wa dada yangu. Nilidhani majina yamefanana tu. Nikatazama namba ya simu: ni ileile niliyoihifadhi kwenye simu yangu kwa jina la "Mwanangu". Yuniti 41. Deni dola 638. Aliacha wiki ya sita ya muhula wa Januari, mwaka jana. Macho yalinitoka. Nikairuka namba yake, nikapiga ya kumi na mbili, sauti yenyewe ikitetemeka.

Mshauri, dada yangu anaamini mwanawe anamaliza Juni hii. Dada ni mjane, alikuja huku mwaka 2018 baada ya kushinda bahati nasibu ya grinikadi, na kijana alikuwa na miaka 14. Anatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, shifti mbili. Mwaka jana Februari aliumia mgongo akimnyanyua mgonjwa, akakaa nyumbani miezi miwili, tukamshukuru Mungu kodi haikulala. Sasa ameshachagua kitenge cha sare ya mahafali, grupu la ukoo limejaa picha za mitindo ya kushona, na mwisho wa mwezi huu anataka kulipa dola 185 za maombi ya viza ili mama yetu aje kutoka Tanga kumwona mjukuu wake akivaa joho. Fedha hizo hazirudi hata viza ikikataliwa.

Kijana kila siku jioni anatoka na begi lake mgongoni. Anasema ana madarasa ya usiku na kazi ndogo ya maktaba, na tangu mwaka jana analipa nusu ya kodi. Mwezi uliopita alipita kwangu kunywa chai, begi likaanguka kwenye kiti, likamwaga kizibao cha riflekta na glavu zilizochakaa vidoleni. Akasema ni vya mradi wa chuo. Nikamwamini. Nilimpakulia na maandazi ya kubeba.

Sasa sina amani. Kazini nilifundishwa kwamba habari za mwanafunzi ni siri hata kwa mzazi wake, na nilitia saini. Lakini huyu ni dada yangu tumbo moja, na kijana ananiita mama mdogo. Nimekuwa kata inayojua siri ya mtungi. Nikinyamaza, dada ataumbuka mbele ya ukoo mzima, na siku akijua kwamba nilijua, sijui nitamtazama vipi. Nikisema, nimevunja sheria na nimemuuza mtoto. Nimewaza pia nilipe hizo dola 638 kimyakimya, nimrudishe darasani kabla mambo hayajaharibika.

Na kuna jingine. Nilipoanza kazi hii nilidhani kupungua huku ni tatizo la wenyeji, Wamarekani Weusi, si letu sisi tuliokuja kutafuta elimu. Sasa hata simu zenyewe zinanishinda. Dada mmoja aliniambia alisoma hesabu miaka miwili chuoni kwetu, madarasa ambayo hayakuhesabiwa popote, akachoka. Kijana mwingine, simu ya nne siku ileile niliyoona jina la mwanangu, aliniuliza: "Mnanitaka mimi, au mnataka namba?" Nilikosa la kusema. Namrudisha mtoto wetu kwa ajili yake, au kwa ajili ya nani? Kwa nini alitudanganya sisi tunaompenda?

Mama Mdogo, California

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Umebeba mizigo miwili, na naona umeifunga kwa kamba moja. Mmoja ni wa nyumbani: unajua jambo ambalo dada yako halijui, nalo linamkaribia kadiri mwisho wa mwezi unavyokaribia. Wa pili ni wa kazini: hujui tena kama unapowapigia vijana hawa unawasaidia wao au unakijazia chuo viti. Nitaanza na huu wa kazini, kwa sababu nadhani jambo la mtoto limo humo humo ndani.

Umekiri kwamba ulidhani tatizo hili ni la wenyeji. Umesema ukweli, na majumbani kwetu ughaibuni maneno hayo yanasemwa sana: sisi tumekuja kusoma, wao wana mambo yao. Lakini orodha yako haina safu inayouliza babu wa mtu alizaliwa wapi. Mwanao na yule dada wa hesabu wamekanyaga ngazi moja iliyooza. Na lile bango lililokusimamisha kwenye korido, neno lake halikuletwa na sisi. Mwaka 1966 Maulana Karenga, Mmarekani Mweusi wa California, alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, na misingi yake yote saba akaiita kwa Kiswahili, wa kwanza ukiwa umoja. Watu ambao hawajawahi kuiona Tanga walilichukua neno lako wakalifanya lao. Walituita ndugu kabla hatujashuka kwenye ndege.

Kati ya muhula wa vuli wa 2019 na ule wa 2021, wanafunzi Weusi katika vyuo vya jamii vya Marekani walipungua kwa karibu asilimia 18, na wanaume waliondoka kwa wingi kuliko wanawake. Hata hivyo idadi hiyo ilikuwa inashuka miaka mingi kabla ya korona. Ukimuuliza mpita njia, atakwambia vijana wa siku hizi hawapendi shule. Mimi sikubali. Tangu Aprili 2024 mfanyakazi wa mikahawa mikubwa ya chakula cha haraka California halipwi chini ya dola 20 kwa saa. Kijana mwenye mama anayesimama shifti mbili anaweka saa hizo upande mmoja, na upande wa pili anaweka darasa litakalomlipa miaka mitatu ijayo, kama halitakatika njiani. Kodi haisubiri miaka mitatu.

Halafu kuna milango iliyofungwa na vyuo vyenyewe. Yule dada wa hesabu hakuwa mvivu. Kwa miaka mingi wanafunzi walipewa mtihani siku ya kwanza, wakarudishwa kwenye hesabu na Kiingereza cha kurudia, muhula baada ya muhula, bila yuniti hata moja ya kuhesabika kwenye shahada, na Weusi walirundikwa humo kuliko wengine. California ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuzuia jambo hilo, na siku hizi wengi wanaingia moja kwa moja kwenye hesabu inayohesabika. Je, kuna mtu aliyempigia kumwambia hivyo? Pengine simu yako ya pili kwake isianze na "rudi". Ianze na habari hiyo, na pole kwa miaka yake miwili.

Sasa tuje kwa mwanao.

Unauliza kwa nini alitudanganya. Swali hilo naomba uliweke kando kidogo, urudi kwenye barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba aliacha wiki ya sita ya muhula wa Januari. Mistari michache mbele umeandika kwamba Februari ileile dada yako aliumia mgongo, akakaa nyumbani miezi miwili, na kodi haikulala. Mbele zaidi, kwa maneno machache tu, umesema tangu mwaka jana kijana analipa nusu ya kodi. Muhula ukianza Januari, wiki ya sita iko wapi kwenye kalenda? Mimi sikuwepo, na wewe hukuambiwa, kwa hiyo nisikupe hadithi nikaiita ukweli. Lakini ziweke tarehe hizo pamoja mezani uzitazame. Mlimshukuru Mungu kodi haikulala, na huenda Mungu alimtumia huyo huyo mwenye kizibao cha riflekta.

Na lile deni pia lina maelezo ambayo huenda unayajua kazini lakini hukuyafikiria nyumbani. Mwanafunzi anayepata ruzuku ya Pell, yaani fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, akiacha masomo yote kabla ya kufikia asilimia 60 ya muhula, sehemu ya ruzuku hiyo hurudishwa serikalini, na mara nyingi chuo humgeukia yeye kumdai. Yaani siku alipoamua kuibeba nyumba, aliletewa na bili. Miaka 20, mama kitandani, barua ya deni mkononi. Ungemwambia nani? Mama anayelia kwa maumivu? Mama mdogo anayejivunia kwenye grupu la ukoo? Kuficha ni kosa, na limezaa mengine, nalo atalijibu yeye. Ila kuficha kwa aibu na kuficha kwa dharau ni vitu viwili tofauti, na barua yako imechukulia kwamba ni kimoja.

Njia ulizonazo, zote zina miiba.

Ya kumwambia dada yako sasa hivi ndiyo inayovuta roho, kwa sababu itakutua mzigo leo. Lakini sheria ya mwaka 1974 ya kulinda kumbukumbu za wanafunzi inampa mwanafunzi wa chuo mwenyewe haki ya siri zake, na wewe uliiona habari hiyo kwa sababu ya kiti ulichokalia, si kwa sababu ya undugu. Ukisema, kazi iko hatarini. Na kijana atajifunza kwamba chuo ndiko siri zake zilikovuja, nawe ndiwe uliyezitoboa. Mlango huo ukifungwa, nani ataufungua?

Ya kumpigia simu kama mfanyakazi wa chuo, kwa yale maneno ya "tunakukumbuka", sidhani hata wewe unaitaka. Angalau hilo unaweza kulitua: mwambie msimamizi wako kwamba kuna ndugu yako kwenye orodha, jina hilo apewe mwenzako. Hutakiwi kueleza zaidi. Hatari yake ni kwamba mwenzako atapiga, kijana atashtuka, akajua kwamba huenda nawe umeona.

Ya kulipa dola 638 kimyakimya, naiona ni ya upendo, na naiogopa. Malipo yangefuta deni, sawa. Lakini shahada ya miaka miwili inataka yuniti 60, na yeye ana 41. Zilizobaki 19 zinazidi mzigo wa kawaida wa muhula mmoja, kwa hiyo Juni hii haiokoleki kwa fedha yoyote. Ukimlipia bila kumuuliza, atarudi darasani asubuhi akitoka kazini usiku, safari hii akiwa na deni lako la fadhila shingoni. Kama anataka kurudi, ni habari nyingine, na hapo ujuzi wako wa kazini una thamani kuliko pochi yako. Yuniti inagharimu dola 46, na mwenye kipato kidogo huweza kusamehewa ada yote. Zile 41 hazijapotea: tangu Januari 2020 chuo cha California hakiruhusiwi kumnyima mtu nakala ya matokeo yake kwa sababu ya deni. Na aliyepoteza sifa ya kupata ruzuku anaweza kuandika rufaa akieleza kilichompata, na ugonjwa wa mzazi ni sababu inayosikilizwa. Kuumia kwa mama yake, ambako labda ndiko kulikomtoa, kunaweza kuwa karatasi ya kumrudisha.

Na ya kukaa kimya ungoje, nayo ni njia. Ila kalenda yake ni ya dola 185 na tiketi ya bibi, na vitenge vikishakatwa havirudi dukani.

Kuna mlango mmoja umeutaja bila kuuona. Kizibao na glavu hukuviona kwenye orodha. Uliviona sebuleni kwako, ukiwa mama mdogo, chai mezani. Kwa hivyo una haki ya kuuliza. Unaweza kumwita Jumapili, ukamwekea chai, ukamwambia: mwanangu, glavu zile zimechakaa sana kwa mradi wa chuo, nieleze unafanya kazi gani na unalala saa ngapi. Halafu unyamaze. Akikana tena, utakuwa umejua kwamba bado hajawa tayari, nalo litauma. Akikuuliza kama umeona jina lake kazini, usimdanganye, kwa maana humo ndani ya nyumba uongo umeshatosha. Mwambie uliona, na kwamba hujamwambia mtu.

Akifunguka, habari ya kumwambia mama yake ni ya kinywa chake. Wewe unaweza kumwambia kuna viza ya kulipwa mwisho wa mwezi, na kwamba uko tayari kukaa kando yake kwenye kochi siku atakapoongea. Dada yako huenda akalia. Huenda akakasirika zaidi kwa kodi aliyolipiwa bila kujua kuliko kwa chuo. Sijui. Wewe unamjua.

Narudi kwenye simu zako, maana sitaki uiache kazi hii kwa kukata tamaa. Vyuo vya jamii vya California hupata sehemu kubwa ya fedha zao kwa kuhesabu wanafunzi, kwa hiyo kijana yule hakukosea kuuliza. Lakini kuna waliojaribu kwa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianza programu inayoitwa ASAP mwaka 2007: kadi ya usafiri, vitabu, msaada wa ada, na mshauri mwenye wanafunzi wachache kiasi cha kuwajua kwa majina. Watafiti walipolinganisha makundi mawili, baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa ndani ya programu walikuwa wamehitimu, na nje yake asilimia 22. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga, matokeo yakapanda vilevile. Hakuna muujiza pale. Ni nauli, kitabu, na mtu anayeuliza "jana hukuja, kuna nini?" wiki ya sita ya muhula, si mwaka mmoja baadaye. Wewe uliye kwenye simu unasikia sababu ambazo uongozi hausikii. Unaziandika wapi? Nani anazisoma? Pengine hilo ndilo swali la kwenda nalo kwenye kikao cha Jumatatu, kabla hujapokea orodha nyingine.

Na yule kijana wa simu ya nne, umesema ulikosa la kumjibu. Namba yake bado unayo. Ukimpigia tena, kabla hujamwambia lolote kuhusu chuo, muulize alikuwa anasoma nini.